Vipimo viko safi, lakini tumbo bado linauma

Alipofariki Njambi Koikai mwanzoni mwa Juni 2024, neno endometriosisi, yaani ugonjwa wa tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi, lilitoka vyumba vya madaktari likaingia saluni, kwenye matatu na kwenye magrupu ya WhatsApp, Kenya na hata huku Tanzania. Mtangazaji huyo, ambaye mashabiki wa rege walimwita Fyah Mummah Jahmby, alikuwa ameugua kwa miaka mingi mbele ya macho ya watu. Pafu lilisinyaa mara kadhaa, wananchi wakamchangia, akaenda kutibiwa Atlanta nchini Marekani, akapasuliwa si mara moja wala mbili, kisha akarudi na kuendelea kuuzungumzia ugonjwa huo hadharani. Kwetu Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alikuwa amekwisha kufanya hivyo miaka mingi kabla: operesheni moja baada ya nyingine, na tabu ya kutafuta mtoto hadi alipojifungua mwaka 2017.

Maswali yaliyofuata msiba ule yalikuwa ya maana. Hedhi inafikaje kwenye mapafu? Ni ugonjwa wa kurithi? Ndiyo hili tunaloita chango la uzazi? Na mbona mdogo wangu kila mwezi anagaagaa chini, akipelekwa hospitali anaambiwa hana kitu?

Hayo matatu ya mwanzo yana majibu mafupi. La mwisho ni refu, na ndilo linalowahusu wanawake wengi zaidi, hata wale ambao hawana endometriosisi.

Tuanze na hedhi yenyewe. Kila mwezi ukuta wa ndani wa kizazi hunenepa ukijiandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, ukuta huo humomonyoka na kutoka kama damu. Ili utoke, msuli wa kizazi hujikaza na kulegea, na kinachouamuru ujikaze ni kemikali ziitwazo prostaglandini. Zikizidi, msuli hubana kwa nguvu hata damu inayoulisha inapungua kwa muda, na hapo mwanamke husikia lile songo la chini ya kitovu linaloshuka hadi kiunoni na mapajani. Kemikali hizohizo zikifika kwenye utumbo huleta kuharisha na kichefuchefu, ndiyo maana wengine siku ya kwanza hawatoki chooni.

Hapa kuna jambo dogo ambalo lingewasaidia wengi. Dawa kama ibuprofeni, asidi ya mefenamiki na diklofenaki hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Ukisubiri hadi umejikunja kitandani ndipo umeze, kemikali zimeshatengenezwa tayari. Zinafaa zaidi zikinywewa mara tu dalili zinapoanza, au hata kabla kidogo kwa mwenye mzunguko unaotabirika, tena pamoja na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu aulize kwanza kabla ya kuzinywa. Parasetamo ni dawa nzuri, lakini kwa maumivu ya namna hii mara nyingi haifui dafu.

Maumivu ya aina hiyo, ambayo hayana ugonjwa nyuma yake, yana tabia zake. Huanza miezi michache tangu msichana avunje ungo, huja na hedhi na kuondoka nayo ndani ya siku moja hadi tatu, hutulia kwa dawa, na miaka inavyokwenda aghalabu hupungua. Hayo ndiyo maumivu ambayo daktari ana haki ya kuyaita ya kawaida.

Endometriosisi ni kitu kingine. Tishu inayofanana na ule ukuta wa ndani wa kizazi huota mahali isipotakiwa: kwenye ovari, juu ya mirija ya uzazi, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo, juu ya kibofu. Huko iliko nayo huitikia homoni za mwezi. Huvimba na kuvuja damu, ila haina pa kutokea. Mwili huishughulikia kama unavyoshughulikia jeraha, na mwezi baada ya mwezi hujengeka makovu ambayo yanaweza kunatisha viungo pamoja, kwa mfano utumbo ukagandamana na kizazi. Mwanamke wa namna hiyo huumwa kabla ya hedhi, wakati wa hedhi na baada yake. Wengine huumia wakati wa tendo la ndoa, wengine wakienda haja kubwa au kukojoa, hasa siku za hedhi. Uchovu wake haulaliki ukaisha. Na wapo wasioumwa kabisa, wanaoujua ugonjwa siku wanapochunguzwa kwa nini hawashiki mimba.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani. Si ugonjwa adimu hata kidogo. Adimu ni ule wa kifuani aliokuwa nao Njambi, ambapo tishu hukutwa kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, au kwenye utando wa mapafu. Hewa huvuja, pafu husinyaa, mara nyingi la kulia, na kwa kawaida ndani ya siku tatu hivi tangu damu ianze kutoka. Kwa nini tishu inafika huko, wataalamu bado wanabishana. Maelezo yaliyozoeleka, aliyoyatoa daktari Mmarekani John Sampson miaka ya 1920, ni kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni. Tatizo ni kwamba damu hurudi nyuma kwa wanawake wengi sana, na wanaougua ni wachache kati yao. Wala damu ya kwenye mirija haina njia ya moja kwa moja ya kufika kifuani. Kwa hiyo kuna mengine yanayochangia, kinga ya mwili ikiwamo. Urithi nao umo: ukiwa na mama au dada mwenye nao, uwezekano wako unapanda.

Kuhusu majirani wa ugonjwa huu, nitasema kwa kifupi kwa sababu huchanganywa sana. Faibroidi, ambazo wengi tunaziita uvimbe kwenye kizazi, ni vinundu vya msuli vinavyoota kwenye kizazi chenyewe, na dalili yake kubwa ni kutokwa damu nyingi. Adenomiosisi ni ile tishu ya ukuta wa ndani kuzama ndani ya msuli wa kizazi. Tatizo la homoni na vifuko vingi kwenye ovari huvuruga zaidi mzunguko kuliko kuleta maumivu. PID ni maambukizi ya bakteria kwenye kizazi na mirija, ambayo mara nyingi huanzia kwenye magonjwa ya zinaa. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na mawili kati ya haya kwa wakati mmoja, na hapo hata bingwa hukuna kichwa.

Sasa turudi kwa yule mdogo wako anayegaagaa.

Chukua daftari la matibabu la mwanamke aliyehangaika na tumbo kwa miaka mitano, lile daftari la shule lenye kurasa 40 ambalo zahanati nyingi zinakuandikia ndani yake. Ukurasa wa kwanza: UTI, sipro siku 5. Kurasa mbili mbele, zahanati nyingine: PID, sindano ya seftriaksoni, doksisaiklini, metronidazo siku 14. Miezi mitatu baadaye: PID tena, dawa zilezile. Mahali fulani katikati kuna kipimo cha taifodi. Halafu neno PID linaanza kuandikwa na neno lingine pembeni yake: sugu. Mara nyingi hakuna ukurasa ulioandikwa tarehe ya hedhi yake ya mwisho pamoja na maumivu yalianza siku ya ngapi.

Daftari hilo lina mtego ambao nimeona unawanasa mgonjwa na tabibu kwa pamoja. Mwanamke huenda hospitali siku anayoumwa zaidi, yaani hedhi inapoanza. Anapewa antibayotiki. Siku ya tano anajisikia nafuu. Wote wawili wanaamini dawa imefanya kazi, kumbe hedhi imeisha. Mwezi unaofuata maumivu yanarudi, na badala ya mtu kujiuliza kama ugonjwa ulikuwa huo kweli, jibu linakuwa kwamba bakteria ni wabishi au mume hakutibiwa. Dozi inaongezwa ukali. Miaka inakwenda namna hiyo.

Kwa haki, tabibu anayeshuku PID mara ya kwanza hajakosea. PID ipo, ni nyingi, na ikiachwa inaziba mirija na kumnyima mwanamke uzazi, kwa hiyo miongozo ya tiba yenyewe inasisitiza kutosubiri hadi uhakika uwe kamili ndipo uanze dawa. Lawama yangu ni kwa dozi ya tatu na ya nne zinazotolewa bila kipimo na bila swali jipya.

Na PID si jina la bure. Ukimwambia msichana wa miaka 16 ambaye hajawahi kulala na mwanamume kwamba ana PID, mbele ya mama yake, umemshtaki. Ukimwambia mke wa mtu ana PID sugu, umetia kitu ndani ya ile nyumba. Mume atauliza imetoka wapi, na mke naye ana swali lake. Wapo wanaoacha kabisa kurudi hospitali kwa sababu hiyo, wakaona heri wavumilie.

Mtego wa pili ni altrasaundi. Mwanamke anatoa pesa, anapigwa picha ya tumbo, anaambiwa kila kitu kiko sawa. Kwa watu wengi picha ndiyo hukumu ya mwisho. Lakini mlango wa mbao ulioliwa na mchwa kwa ndani, ukiutazama kutoka barabarani, ni mlango mzima: rangi ipo, bawaba zipo. Anayeufungua kila siku ndiye anayejua umeshalegea. Altrasaundi huona vitu vyenye umbo, kama faibroidi, au ule uvimbe wa ovari uliojaa damu ya zamani, ambao nao hutokana na endometriosisi. Mabaka madogo yaliyotapakaa juu ya utando wa tumbo haiyaoni. Makovu ya ndani inaweza kuyaona kama kipimo kimefanywa kwa njia ya uke na mtu aliyefundishwa kuyatafuta, na watu hao si wengi. Hata MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huyakosa mabaka madogo. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa kwamba kizazi na ovari ni vya kawaida ina maana moja tu: hakikuonekana kitu kikubwa. Haina maana kwamba mwenye karatasi ni mzima.

Cha ajabu zaidi, ukubwa wa ugonjwa na ukali wa maumivu haviendi pamoja. Madaktari hupanga endometriosisi katika hatua nne kwa kuangalia imeenea kiasi gani. Mwenye hatua ya kwanza anaweza kuwa analazwa kila mwezi, na mwenye hatua ya nne akawa anacheza netiboli. Daktari aliyefundishwa kupima maumivu kwa ukubwa wa anachokiona atamdharau wa kwanza, na atafanya hivyo akiwa na nia njema kabisa.

Mambo mengine yana mizizi mbali zaidi na hapa kwetu. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, kwa kuhofia mimba. Mwelekeo huo ulikuja kubadilishwa mwaka 1993. Kwa miaka 16 dunia ilikuwa ikijifunza dawa kwa miili ya wanaume kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka chumba cha dharura cha hospitali moja ya Marekani ulilinganisha wanaume na wanawake waliofika na maumivu makali ya tumbo: mwanamke alisubiri dawa ya maumivu dakika 65, mwanamume 49, na mwanamke hakuwa na nafasi sawa ya kupewa dawa kali. Nchini Uingereza serikali ilipowauliza wananchi kabla ya kuandika mkakati wa afya ya wanawake wa mwaka 2022, asilimia 84 ya waliojibu walisema imewahi kutokea wakaona hawakusikilizwa na wahudumu wa afya. Anayedhani tabu hii ni ya zahanati zetu peke yake, ajue hata penye MRI kila kona ipo.

Ila sisi tuna nyongeza yetu. Katikati ya karne iliyopita vitabu vya udaktari vilifundisha kuwa endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake Wazungu wenye kazi zao waliochelewa kuzaa. Mweusi mwenye maumivu ya nyonga, jibu lilikuwa limeshaandaliwa: PID. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago, naye mwenyewe Mweusi, alichapisha matokeo ya kuwachungulia tumboni kwa kamera wanawake Weusi, na akaonyesha kwamba wengi waliokuwa wamebandikwa PID walikuwa na endometriosisi, zaidi ya mmoja katika kila watano. Hiyo ni karibu miaka hamsini iliyopita. Kumbuka lile daftari la kurasa 40, kisha uniambie habari hizo zimefika wapi.

Nyumbani napo tunachangia. Mama aliyeumwa hivyo ujanani, na bibi aliyeumwa hivyo, watakwambia ndiyo uanamke. Wanasema kwa mapenzi, na huenda wote watatu wanaugua ugonjwa mmoja. Kila tarehe 28 Mei tunaadhimisha siku ya hedhi salama, tunagawa taulo za kike, tunapiga picha. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo mwaka 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018 ikairudisha mwaka uliofuata, bunge likawaka moto. Mjadala wote ni wa damu: izuiwe na nini, alipe nani. Maumivu hayamo kwenye hotuba.

Basi mtu atajuaje kama yake yamevuka mpaka? Usijipime kwa jirani. Angalia yanakuzuia nini. Ukikosa shule au kazi kila mwezi, ukitapika au kuzimia, dawa za maumivu ulizokunywa kwa wakati zisipokusaidia, maumivu yakianza kuja hata siku zisizo za hedhi, yakizidi mwaka hadi mwaka badala ya kupungua, tendo la ndoa likiuma kwa ndani, choo kikiuma siku za hedhi, au mmetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio: lolote kati ya hayo linatosha kukupeleka kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Na kuna yasiyosubiri miadi. Maumivu makali ya ghafla, hasa kama huenda una mimba, homa pamoja na maumivu, kuzirai, au damu inayolowesha pedi nzima kila saa, nenda usiku huohuo.

Uvumi nao una nguvu zake, nami nitaugusa ule unaoumiza.

Ukizaa litaisha. Hili wasichana huambiwa hata na wahudumu wa afya. Mimba husimamisha hedhi, kwa hiyo wengine hupata nafuu kwa muda, lakini si tiba, na hedhi ikirudi maumivu yanaweza kurudi nayo. Tena kumwambia hivyo mtu ambaye huenda ugonjwa wenyewe ndio unaomnyima mtoto ni ukatili. Kinyume chake pia si kweli, kwamba mwenye endometriosisi hazai. Wengi hupata shida ya kushika mimba, na wengi huzaa.

Kukata kizazi kunamaliza kila kitu. Tishu iliyo nje ya kizazi haiondoki kwa kuondoa kizazi. Kwa baadhi ya wanawake, hasa wenye adenomiosisi, upasuaji huo unasaidia sana, ila hauwi jibu la kwanza kwa binti wa miaka 24.

Vidonge vya majira vitaharibu kizazi. Homoni za uzazi wa mpango, ziwe vidonge, sindano, kijiti au kitanzi chenye homoni, ni miongoni mwa tiba za kwanza za ugonjwa huu kwa sababu hutuliza ile tishu. Msichana anaweza kuandikiwa bila kuwa na mwanamume, na mama hana sababu ya kuruka kwenye kiti. Zina maudhi yake, kila mwili na wake, na ukiacha uzazi hurudi, ingawa baada ya sindano huchukua miezi kadhaa.

Halafu lile la chango. Waganga na wauza dawa za mitandaoni huliita chango la uzazi karibu kila maumivu ya tumbo la mwanamke, kisha wanauza dawa ya kusafisha kizazi. Simdharau bibi aliyetumia neno hilo kueleza alichokihisi; alichokihisi kilikuwa kweli. Ila kizazi hakisafishwi. Vidonge na mizizi ya kuingiza ukeni huunguza na kuleta maambukizi, na hapo ndipo mtu anaipata ile PID ya kweli aliyosingiziwa mwanzo.

Endometriosisi si saratani, na hadi sasa haina dawa ya kuing'oa moja kwa moja. Inadhibitiwa: dawa za maumivu, homoni, na upasuaji wa matundu madogo ambapo kamera huingizwa kupitia tundu dogo karibu na kitovu na mabaka kuondolewa. Zamani ilisemwa kwamba bila kamera hiyo huwezi kuambiwa unao. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umelegeza sharti hilo: daktari anaweza kuanza tiba kwa kusikiliza historia ya mgonjwa na kumpima, na kamera ikabaki kwa wale ambao picha hazikuonyesha kitu au dawa hazikuwafaa. Kwetu, ambako upasuaji huo hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na Kenyatta na bei yake si ya kila mtu, habari hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Ina maana historia yako, ukiieleza vizuri, ni kipimo.

Kuieleza vizuri ndiko kunakotushinda. Tumelelewa kusitiri. Mwanamke anaingia kwa daktari, foleni nyuma yake inafika getini, anasema, "Dokta, naumwa tumbo na kiuno." Daktari ana dakika chache. Tumbo na kiuno ni nusu ya wagonjwa wote wa siku hiyo. Linganisha na huyu: "Naumwa siku mbili kabla ya hedhi hadi siku ya nne. Siku ya kwanza siwezi kusimama. Tangu Januari nimekosa kazi kila mwezi. Nimekunywa diklofenaki kwa wakati, haikusaidia. Nikienda haja kubwa siku hizo nasikia kama kisu, na tendo la ndoa linaniuma kwa ndani. Nimetibiwa PID mara tatu, dawa hizi hapa." Yote hayo hayamalizi dakika moja, na ni vigumu kuyajibu kwa neno kawaida.

Ili uweze kusema hivyo, andika. Miezi miwili au mitatu inatosha, kwenye simu au kalenda ya ukutani: damu imeanza lini, maumivu yameanza lini, umekunywa nini, umeshindwa kufanya nini. Madaktari huamini maandishi kuliko kumbukumbu, na wana sababu. Kama hutaki kutamka mambo ya chumbani mbele ya mtu mzima wa kiume, mpe karatasi asome. Unaweza pia kuomba nesi wa kike awepo. Wengine huenda na dada au rafiki. Wanaokwenda na waume wanasema daktari huwageukia waume ndio waeleze, jambo linaloudhi, lakini kama linafungua mlango, mfundishe mume la kusema kabla hamjaingia.

Ukiambiwa ni PID au UTI, uliza imepimwa vipi. Uliza kama si hiyo inaweza kuwa nini kingine, na dawa zikiisha bila nafuu hatua inayofuata ni ipi. Omba iandikwe kwenye faili kwamba uliomba rufaa. Nakala za majibu na picha ni zako kuomba, usiondoke bila kuzichukua, maana kila hospitali mpya itaanza upya kama huna. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inataja afya ya uzazi waziwazi miongoni mwa haki, na hati ya haki za wagonjwa ya mwaka 2013 inampa mgonjwa nafasi ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Kutafuta daktari wa pili si kumtukana wa kwanza, na wengi wao hawachukii. Mabingwa hufanya hivyo wenyewe wanapougua.

Na mambo yakifika kwenye upasuaji, uliza kabla ya kutia saini. Je, yeye mwenyewe ameshafanya upasuaji wa endometriosisi, au atamwita mwenzake? Ataunguza mabaka kwa juu au atayakata na kuyatoa? Akikuta utumbo umegandamana na kizazi atafanya nini? Ovari zitabaki? Kilichokatwa kitapelekwa maabara? Ukitoka, utatumia homoni gani kuzuia yasirudi, na kwa muda gani? Mwambie unataka mtoto au hutaki, na lini, kwa sababu jibu la kila swali hapo juu linategemea hilo.